Nusu Mkate Golini

Watu wakiniuliza mume wangu aliupotezea wapi mkono, huwajibu kwamba hakupoteza kitu. Mpotezaji wa vitu nyumbani kwetu ni mimi, waulizeni wanangu habari za funguo. Yeye alizaliwa hivyo. Mkono wake wa kulia uliishia kwenye kifundo, ngozi ikajifunga vizuri kabisa, na pale mwisho pakabaki vijinundu viwili ambavyo mama mkwe wangu aliviita mbegu. Mkunga alimfunika mtoto upesi kwa shuka ili mzazi asishtuke. Mama mkwe akamwambia afunue. Akahesabu vidole vya mkono uliokuwepo, akakuta vitano, akasema vinatosha, maana nyumba ile ilikuwa na watu wazima watatu wenye vidole kumi kumi na hakuna hata mmoja aliyemchotea maji ya kuoga siku ile.

Basi hivyo ndivyo alivyolelewa. Hakudekezwa na hakufichwa. Alifua nguo zake mwenyewe, alimenya viazi kwa kuvibana na kigutu, alijifunza kufunga kamba za viatu kwa vidole vitano na meno. Wageni wakianza "maskini wa Mungu, pole yake", mama yake aliwauliza kama wamekuja kumsalimia mtoto au kumzika. Laiti ningekuwa na ulimi wa yule mama. Mimi hasira hunijia mapema na jibu huchelewa, mpaka mtu ameshafika kwake.

Shuleni wavulana walicheza mpira kila mapumziko, na kama mnavyojua, golini huwekwa yule asiyetakiwa kwingine kokote. Siku ya kwanza walimweka yeye ili wacheke, na walicheka. Alifungwa mabao kumi na moja. Alikwenda nyuma ya vyoo akalia, amenisimulia mwenyewe bila aibu. Lakini katika kulia kwake akaanza kuyapitia yale mabao, moja moja, na akagundua jambo: tisa kati ya kumi na moja yalipita upande wa kigutu. Kila mpigaji alipofika mbele yake, macho yalikwenda kwenye mkono usiokuwepo, na mguu ukafuata macho. Kesho yake aliporudi golini, alisubiri mpigaji ainue mguu, kisha akajitupa upande ule wa kigutu bila kufikiri. Alifungwa manne tu. Keshokutwa, mawili. Wenzake wakasema wamechoka, labda mpira umeisha upepo. Yeye hakumwambia mtu kitu.

Alipofika miaka kumi na tisa aliajiriwa kwenye kiwanda cha mikate, kufagia unga. Msimamizi alimpa ufagio kwa sababu hakujua ampe nini kingine. Miezi sita baadaye mpokeaji wa mikate akaugua mgongo, na kazi ile hairuhusu mtu kukosekana: mtoaji anachomoa mikate kwenye tanuri kwa ubao wenye mpini mrefu, anairusha, na mpokeaji anaidaka na kuipanga rafuni kabla haijaporomoka. Wenye mikono miwili walivaa vitambaa vya gunia na bado waliungua, kwa kuwa waliushika mkate wakaung'ang'ania. Yeye aliudaka kwa kiganja, akausukumia kifuani kwa kigutu, na papo hapo ulishakuwa rafuni. Mkate haukupata muda wa kumchoma. Zamu ya kwanza alipokea mikate mia tisa na ikamdondoka miwili. Mmoja wa hiyo miwili aliula.

Jina alipewa hapohapo. Mteja mmoja alisimama kwenye dirisha la kuuzia akapaza sauti, "Jamani, nipeni nusu mkate!" Mtoaji akamsukuma mwenzake mbele na kusema, "Huyu hapa, mchukue." Kiwanda kizima kilicheka mpaka mashine ya kukandia ikaachwa inazunguka tupu. Yeye alicheka kuliko wote. Toka siku hiyo ni Nusu Mkate, na hata kwenye kadi ya harusi yetu liliandikwa hilo, kwa kuwa jina lake la kuzaliwa wageni wasingelijua.

Kiwanda kilikuwa na timu kwenye ligi ya mafundi na viwanda. Kipa wao alipohama, mtunza stoo ambaye ndiye aliyekuwa kocha alijaribu watu watatu, mmoja akiwa mrefu sana na mwoga vilevile. Siku moja ya mazoezi mtoaji mikate akamwambia, "Kocha, mimi kila asubuhi namrushia huyu vitu vya moto mia tisa. Mpira wa baridi ndio utamshinda?" Kocha akasema haya, mwache asimame dakika kumi. Akasimama misimu minne.

Hapo ndipo ninapoingia mimi. Nilikuwa na chumba cha kushonea kinachotazamana na lango la kiwanda, cherehani moja ya miguu, meza ya kukatia, na pazia la kupimia nguo ambalo upepo ulilipenda. Nilishona sare za shule na suruali za watu walionenepa kuzidi suruali zao. Mchana mmoja akaingia kijana mwenye unga kwenye nyusi.

"Dada, unashona soksi?"

"Soksi zinauzwa dukani, kaka."

"Hii ni ya mkono."

"Mkono upi?"

"Ule ambao haupo."

Nilicheka mpaka uzi ukakatika kwenye sindano, kisha nikaona aibu nikajiziba mdomo. Lakini yeye alikuwa anacheka pia, ameegemea mlango. Alitaka kitu cha kuvaa kwenye kigutu anapopiga mpira ngumi, maana kila baada ya mechi mfupa ulivimba. Nikampima. Nilichukua vipimo mara tatu, na mara ya kwanza ilikuwa imetosha. Nikamshonea kwa ngozi ya mkoba mkuukuu, ndani nikaweka sponji ya godoro na pamba, na kamba za kufungia karibu na kiwiko. Alikuja kuijaribu, akaja ipunguzwe, akaja iongezwe. Katika kuja kwake ndipo aliponiambia siri ya upande wa kigutu, aliyokuwa hajamwambia mtu tangu siku ya vyoo. Siku ile nilijua kwamba huyu mtu ananipenda, na kwamba mimi nimeshachelewa kujitetea.

Tatizo lilikuwa baba yangu.

Baba alikuwa fundi magari mwenye gereji yake, lakini hiyo ni kazi tu. Baba alikuwa kipa. Alikaa golini miaka kumi na tisa, na kati ya vidole vyake kumi hakuna hata kimoja kilichonyooka. Akikuonyesha njia kwa kidole ungepotea. Alipostaafu akawa kocha wa timu ya gereji, ambamo kaka yangu, mpiga rangi wa magari, alikuwa mshambuliaji. Mama alifariki tukiwa wadogo, na baba alitulea peke yake kwa mikono hiyohiyo. Alinisuka nywele mimi, akamkata kaka kucha, akapika. Usiku wa homa alitukanda. Kwa hiyo nilipomtajia Nusu Mkate, hakugomba. Aliweka kijiko chini.

"Mwanangu, sina ubaya naye. Kijana mpole, namwona. Lakini mwanaume ni mikono. Gari likizima njiani atasukuma na nini? Mtoto akitumbukia kisimani atamvuta na nini?"

"Baba, hatuna gari. Wala kisima."

"Usinijibu hivyo. Unajua ninachosema."

Nilijua. Wazazi wa Nusu Mkate walipotuma mshenga, baba alimkaribisha, akamnywesha chai, akamrudisha na neno moja: tumeshukuru, lakini hapana. Nami nisingeweza kuolewa huku baba amenigeuzia mgongo, baba yule aliyenisuka nywele. Nusu Mkate naye alisema yeye hatamwiba binti wa mtu. Kisha kiwanda kikatangaza kwamba kinafungua tawi katika mji mwingine, mbali, na wakamtaka akawe msimamizi wa tanuri kuanzia mwezi unaofuata. Akaja chumbani kwangu akakaa kwenye kigoda cha wateja.

"Mzee akibaki na hapana yake, nitakwenda," alisema. "Siwezi kukaa hapa nakuangalia dirishani kila siku kama mkate wa maonyesho."

Nikamwambia asiseme ujinga. Halafu nikalia juu ya sare za watu.

Mwezi huohuo timu ya mikate ikaingia fainali, na upande wa pili ikaingia gereji. Nyumbani kwetu pakawa hapakaliki. Ijumaa jioni baba alipanga vikombe mezani vikawa wachezaji, bakuli la sukari likawa goli, akamwita kaka na vijana watatu wa gereji. Mimi nilikuwa naosha vyombo palepale.

"Ikifika penalti," baba alisema, "msipoteze muda kufikiri. Wote, upande wa kigutu. Nusu ya goli lile haina mlinzi. Mmesikia? Wote."

Niliacha sufuria nikatoka uani, nikabana taulo mdomoni. Nilicheka mpaka machozi, na katikati ya kicheko nikaona vibaya, kwa sababu yule ni baba yangu na alikuwa amesema jambo ambalo yeye, kipa wa miaka kumi na tisa, alipaswa kuona kosa lake. Alimtazama yule kijana akaona pengo. Kila mtu huona pengo. Asubuhi nilivuka barabara kwenda kumweleza Nusu Mkate, lakini hakuniacha nimalize.

"Usiniletee maneno ya mezani kwenu," alisema. "Yale ni ya mzee na nyumba yake. Mimi nikishinda, nataka nishinde kwa ninachokiona mwenyewe."

Nikakasirika, nikamwambia basi afungwe, shauri yake. Nikaenda uwanjani mapema nikapata nafasi nyuma ya goli.

Uwanja wenyewe ulikuwa wa shule, nyasi katikati na vumbi kwenye magoli, watu wamejipanga kwenye mistari yote minne mpaka mshika kibendera akawa anawasukuma ili apate pa kukimbilia. Kaka alifunga bao dakika ya ishirini kwa kichwa, bao safi, wala simlaumu Nusu Mkate. Mikate wakasawazisha kabla ya mapumziko kwa mpira uliomgonga beki wa gereji mgongoni, bao lisilo na sura lakini ni bao. Kipindi cha pili gereji wakaanza kumwaga krosi. Walikuwa wameshajua kwamba mpira wa juu upande wa kulia ndio unaomsumbua, na kweli unamsumbua, hata leo. Lakini siku ile kila uliposhuka alipaa na kuupiga kwa kigutu. Mmoja aliupiga ukavuka mpaka karibu na mstari wa kati.

Ndipo baba aliposimama kwenye benchi.

"Refa! Refa! Kaweka kitu humo ndani! Mkono wa nyama haupigi mpira hivyo!"

Refa alikuwa mwalimu mwembamba mwenye saa kubwa kuliko kifundo chake. Akapuliza filimbi, mchezo ukasimama. Akamfuata Nusu Mkate golini, akamwambia afungue. Beki mmoja alitaka kumsaidia kufungua kamba, yeye akatikisa kichwa. Akapiga goti, akashika kamba kwa meno, fundo la kwanza, fundo la pili, taratibu, mbele ya watu wote wale. Watu walisogea. Wengi walikuwa wamemshangilia misimu minne na hawajawahi kukiona kigutu chenyewe kwa karibu, kimeloa jasho, na zile mbegu mbili pale mwisho. Nilitamani ardhi ipasuke, ila immeze baba, si mimi.

Refa akaibonyeza ile soksi, akaigeuza ndani nje, akatoa kipande cha sponji.

"Nani kashona hii?" aliuliza.

"Mimi!" Sauti ilitoka kabla sijaiomba ruhusa. Kwa mara ya kwanza maishani jibu lilinijia kwa wakati. "Mimi ndiye fundi! Humo nimeweka sponji ya godoro, pamba na mapenzi. Kama kuna sheria inayokataza kimojawapo, nisomee!"

Watu waliangua kicheko na vigelegele kwa pamoja, hata washabiki wa gereji. Refa akarudisha sponji mahali pake, akampa Nusu Mkate soksi yake kwa mikono miwili, akaonyesha mchezo uendelee. Nusu Mkate hakunitazama. Aliivaa, akakaza kwa meno, akapiga kigutu kwenye mlingoti mara mbili kuipima. Kule kwenye benchi baba alikuwa ameketi anatazama viatu vyake. Nilimwonea hasira ambayo sijawahi kumwonea mtu, na bado nilimhurumia.

Dakika tisini zikaisha bao moja kwa moja, na kombe la ligi yetu halina muda wa nyongeza, maana watu wana zamu. Ikawa penalti, tano kwa tano, mikate wakianza.

Mikate walipata, wakapaisha, wakapata, wakadakwa, wakapata. Matatu. Hayo nayasema kwa haraka kwa kuwa sikuyaangalia vizuri. Nilikuwa nahesabu ya gereji. Mpigaji wao wa kwanza alikuwa fundi wa breki, mtu mzima mwenye mguu mzito. Alipoweka mpira chini nikaona macho yake yakienda kwenye soksi yangu, yakarudi, yakaenda tena. Nusu Mkate alimsubiri mpaka mguu ulipoinuka. Akaenda upande wa kigutu na mpira ukamkuta kishafika. Akaupangua nje.

Wa pili alipiga upande uleule, lakini chini kabisa, na ukapita. Kujua si kudaka. Wa tatu naye kulekule, kwa nguvu, ukamgonga kigutuni ukaingia hivyohivyo, na nikaona anakunja uso kwa maumivu. Wa nne alijifanya mjanja: alitazama upande wa mkono, akajipinda upande wa mkono, kisha akapiga upande wa kigutu. Nusu Mkate hata hakusumbuka na maigizo yake. Aliukuta mpira hewani akaupiga ngumi ukaruka juu ya mwamba. Wafanyakazi wa kiwandani walianza kuimba jina lake, na jina lile likiimbwa na watu mia sita linasikika kama watu mia sita wenye njaa.

Ikabaki moja. Tatu kwa mbili. Kaka yangu akipata, wangekwenda kupigiana moja moja. Akikosa, kombe ni la mikate.

Baba alikuwa amepiga kelele mchana kutwa, isipokuwa zile dakika za soksi. Alimkaripia refa, alimkaripia mshika kibendera, alimkaripia hata mtu aliyepita na baiskeli. Sasa akanyamaza. Akasimama pembeni, mikono nyuma, anamtazama Nusu Mkate namna ambayo sijawahi kumwona akimtazama. Nilijua papo hapo. Baba amehesabu: mipira minne, yote upande mmoja, na kijana kaenda kule mara zote nne. Akaingia uwanjani bila kuomba, akamshika kaka shingoni, akamwambia maneno mawili sikioni, akarudi zake.

Nami tangu Ijumaa jioni nilikuwa nimebeba siri ya baba tumboni bila kuitoa, na sasa nilikuwa na siri nyingine, na Nusu Mkate alikuwa hatua tano mbele yangu, amenipa mgongo. Ningeweza kumwita. Kinywa kilishafunguka. Nikakifunga, kwa sababu alikuwa ameniambia anachotaka, na kwa sababu mpigaji alikuwa kaka yangu.

Kaka akapiga hatua. Macho yake aliyaelekeza kwenye kigutu, kama wenzake wote, akayaacha hukohuko mpaka mwisho. Akapiga upande wa mkono, juu, kwenye kona, mpira mzuri kuliko wote aliowahi kupiga.

Nusu Mkate alikuwa hewani upande ule. Mwili wote umenyooka, mkono wa kushoto mbele, na hakuupangua mpira. Aliudaka, kiganja kimoja, akauvutia kifuani, kigutu kikaufunika, akaanguka nao vumbini akabaki amelala nao.

Sikumbuki nilivyovuka ule mstari. Nakumbuka kiatu kimoja kilibaki, na mtoaji mikate mnene amempanda mtu begani, na kocha mtunza stoo analia huku anauliza nani ana funguo za stoo ili alete maji. Walimbeba Nusu Mkate juu, wakamshusha, wakambeba tena kwa mara ya pili kwa sababu waliokosa mara ya kwanza walilalamika. Nilikuwa najivunia mtu yule kiasi kwamba kifua kiliniuma.

Kisha watu wakaanza kupisha njia, na nikamwona baba anakuja. Alikuja polepole, mikono bado nyuma. Nikaenda nikasimama kando ya Nusu Mkate. Sikuwa na mpango wowote, nilitaka tu nijulikane nimesimama wapi.

"Shikamoo, mzee," alisema Nusu Mkate. Vumbi limemjaa mpaka kwenye meno.

"Marahaba. Ulijuaje?"

"Kujua nini, mzee?"

"Usinizungushe. Wanne umewafuata kushoto kwao, sawa, hilo nimelielewa, nimelielewa nikiwa nimechelewa, na ni aibu yangu. Wa tano ulijuaje kwamba nimembadilisha?"

Nusu Mkate akapangusa mdomo kwa kigutu.

"Ulinyamaza, mzee. Mchana kutwa unapiga kelele, halafu ghafla kimya, unanitazama. Nikasema moyoni, yule ni kipa. Kipa akinyamaza, ameona."

Baba alitoa mikono nyuma akaitazama, vile vidole vyake kumi, kila kimoja na uelekeo wake. Mimi nilimjua baba yangu katika hasira na katika furaha, lakini uso ule sikuujua.

"Miaka kumi na tisa," alisema. "Washambuliaji wamenisoma, makocha wamejaribu. Hakuna aliyewahi kuniona ninapofikiri." Akakohoa. "Na ile ya soksi. Nimekuvua nguo mbele za watu. Nimekosa, kijana."

"Yameisha, mzee."

"Hayajaisha. Lakini asante."

Tukasimama hivyo, sote watatu, hakuna aliyejua mikono yake aiweke wapi. Nyuma yetu, palepale kwenye alama ya penalti, kaka yangu alikuwa amelala kifudifudi, uso kwenye vumbi, mabega yanatikisika. Wenzake wa gereji walikuwa wamemzunguka kwa mbali, kila mmoja anaogopa kuwa wa kwanza kumgusa. Baba akamtazama, akasonya, sonyo la mapenzi. Akamgeukia Nusu Mkate.

"Sasa umesimama hapa kama mgeni kwa nini? Nenda kamwinue shemeji yako. Analia mbele za watu."

Nusu Mkate hakuelewa mara moja. Ilibidi alirudie neno lile kimoyomoyo, nikaona midomo ikicheza. Mimi nilikuwa nimelielewa tangu herufi ya kwanza, na nilikuwa nimeshamng'ang'ania baba mkono, nalia kwa sauti bila hata kujificha, naye ananiambia basi, basi, utanilowesha shati.

Nusu Mkate akaenda. Aliinama akanyoosha mkono, kaka akautazama akaukataa. Basi akapiga goti, akapitisha kigutu chini ya kwapa la kaka, akamshika mkanda wa bukta kwa vidole vyake vitano, akamnyanyua mzimamzima mpaka miguu ikapata ardhi. Kaka akasimama, akajipangusa uso, akasema kitu nisichokisikia, na wote wawili wakacheka. Kisha wakaja, wameegemeana, kutufuata pale tuliposimama mimi na baba.